Kuzunguka London bila kulipa mara mbili: mwongozo kamili wa mgeni

Mgeni wa London hapotei sana. Vibao vipo kila kona na simu inaonyesha njia. Kinachomuumiza ni vitu viwili: nauli anayokatwa bila kujua kwa nini, na korido ndefu anazozitembea chini ya ardhi wakati juu, barabarani, alikuwa na hatua mia tatu tu za kufika. Mwongozo huu unashughulika zaidi na hayo mawili.

Nauli zilizotajwa humu ni za mwaka 2025. Za treni hupandishwa karibu kila Machi, kwa hiyo tenga kidogo cha ziada.

Kadi ndiyo tiketi

Hakuna konda, na tangu Julai 2014 mabasi hayapokei pesa taslimu. Dereva hatakubeba hata ukimpa hela kamili. Unahitaji kimojawapo kati ya hivi: kadi ya benki yenye alama ya vimawimbi vinne (Visa, Mastercard au American Express), simu au saa iliyounganishwa na kadi hiyo, au kadi ya Oyster inayouzwa kwenye mashine za vituoni. Kwa mtu mzima nauli ni ileile kwa vyote vitatu. Oyster ina ada ya kununulia isiyorudi, kwa hiyo kama kadi yako ya benki inafanya kazi, ya nini kununua nyingine? Tiketi ya karatasi ndiyo ya kukimbia kabisa: safari ya treni katikati ya mji ambayo kwa kadi haizidi pauni 2.90, kwa karatasi ni pauni 7.

Kadi iliyotolewa na benki ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hukubalika, mradi iwe na ile alama na benki iwe imefungua malipo ya nje ya nchi. Piga simu benki kabla hujapanda ndege, na uulize makato ya kubadili fedha. Hapa kuna nafuu moja ambayo wengi hawaijui: TfL, mamlaka ya usafiri wa London, hujumlisha safari zako zote za siku na kukutoza mara moja. Kama benki yako hukata ada kwa kila muamala, itakukata mara moja kwa siku, si mara sita. Makato yakiwa makubwa hata hivyo, nunua Oyster uijaze kwenye mashine. Inapokea noti, na salio halina tarehe ya kuisha. M-Pesa, Airtel Money na ndugu zao hazisomwi getini.

Kuna sheria tatu, na ndizo zinazoamua kama utaumia au hutaumia:

1. Kila mtu na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja.
2. Ulichoingilia ndicho utokee. Kadi ya plastiki na simu yenye kadi hiyohiyo ni watu wawili machoni pa mashine. Ukiingia kwa simu, ikazima chaji, ukatoka kwa kadi, mashine inaona safari mbili: moja haina mwisho, nyingine haina mwanzo. Kila moja inatozwa nauli ya juu kabisa.
3. Toa kadi kwenye pochi. Zikiwa mbili pamoja, kisoma kadi huchagua chenyewe cha kusoma, na wakati wa kutoka kinaweza kuchagua nyingine.

Kwenye treni unagusisha kuingia na kutoka. Kwenye basi unagusisha wakati wa kupanda tu. Wakati wa kushuka usigusishe tena.

Mji umegawanywa kwa kanda, ya 1 ikiwa katikati. Karibu kila mtalii anachokuja kukiona kipo kanda ya 1 na ya 2, na humo kuna kikomo: kwa siku hukatwi zaidi ya pauni 8.90, hata ukipanda mara kumi na tano. Katikati ya mji safari tatu za treni kwa pauni 2.90 zinafika 8.70, ya nne utakatwa peni 20, na kuanzia hapo ni bure. Siku inaanza saa 10:30 alfajiri, si saa sita usiku, kwa hiyo safari ya kurudi hotelini usiku wa manane bado ni ya jana. Kipo pia kikomo cha wiki, pauni 44.70, lakini wiki hiyo ni Jumatatu hadi Jumapili na si vinginevyo. Anayefika Alhamisi na kuondoka Jumatano anaangukia katikati ya wiki mbili, na kikomo hakimsaidii kitu. Mtu huyo, kama atapanda treni kweli kila siku, anunue Oyster na kuwekewa pasi ya siku saba inayoanza siku yoyote.

Watoto chini ya miaka 11 hawalipi wakiwa na mtu mzima, hadi wanne kwa mtu mzima mmoja. Wa miaka 11 hadi 15 wanalipa nusu, ila haiji yenyewe: muombe mfanyakazi wa kituo akuwekee punguzo la mgeni kijana kwenye Oyster ya mtoto. Punguzo linakaa siku 14.

Kutoka Heathrow hadi mjini

Ndege ya Kenya Airways hutua uwanja wa Heathrow, jengo la abiria la Terminal 4. Ukishatoka na mizigo, fuata alama ya treni na uchague.

Laini ya Piccadilly ni pauni 5.80 na inachukua kama saa nzima hadi katikati. Laini ya Elizabeth ni pauni 13.90, inafika Paddington kwa takriban nusu saa, ina mabehewa mapana na kiyoyozi. Ukiwa peke yako na begi moja, Piccadilly inatosha. Ukiwa na masanduku mawili makubwa na hoteli yako iko karibu na Paddington, Tottenham Court Road, Farringdon au Liverpool Street, zile pauni nane za ziada zina thamani yake, kwa sababu Piccadilly ina nafasi finyu ya masanduku na ikifika Earl's Court imeshajaa.

Ipo na ya tatu, Heathrow Express, ya dakika 15 kutoka Terminal 2 na 3 hadi Paddington. Bei yake hupita pauni 20 ukilipia palepale. Mtego ni kwamba kwenye kituo cha Terminal 2 na 3 inatumia majukwaa yaleyale na laini ya Elizabeth, na kadi yako inakubalika kote. Soma ubao na ubavu wa treni kabla ya kupanda; ukikosea, mashine haikuulizi, inakata tu.

Treni ya Piccadilly ikikaa Terminal 4 dakika kadhaa bila kuondoka, usishuke. Ndiyo ratiba yake. Kutoka Terminal 4 zote zinaelekea mjini, huwezi kukosea upande.

Kwa anayetua Gatwick, panda treni ya Thameslink au Southern badala ya Gatwick Express. Reli ni ileile, nauli ni ndogo, na kadi ya benki inafanya kazi.

Ramani ya treni haipimi umbali

Ramani ile maarufu yenye rangi ilichorwa na Harry Beck na kutolewa kwa umma mwaka 1933. Yeye alikuwa mchoraji wa michoro ya umeme, na aliona msafiri anataka kujua kituo gani kinafuata, si mita ngapi. Ndiyo maana inasomeka vizuri, na ndiyo maana inadanganya. Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 300 hivi kwa miguu. Mgeni akiitegemea ramani atashuka chini, atasubiri treni, atasafiri chini ya dakika moja, kisha atakuta foleni ya lifti Covent Garden. Akikosa subira atachukua ngazi za mzunguko: vipandio 193, sawa na jengo la ghorofa 15. Kuna bango linaloonya, na bado kila siku wapo wanaozipanda.

Mifano mingine ya kutembea badala ya kupanda: Charing Cross na Embankment, Queensway na Bayswater, Great Portland Street na Warren Street. Kila jozi ni dakika chache tu. Hata ufukwe wa kusini wa mto Thames, kutoka Westminster hadi Tower Bridge, ni kama kilomita nne za tambarare, na hiyo ndiyo safari nzuri kuliko zote London.

Mitaani utaona nguzo ndefu zenye ramani. Ramani hizo zimechorwa zikifuata upande unaotazama, si kaskazini juu: kilicho mbele yako ndicho kilicho juu ya ramani. Zina pia duara linaloonyesha utakakofika kwa dakika tano. Zisome kabla ya kutoa simu.

Kuhusu simu yenyewe: wizi wa kupokonya simu kwa baiskeli na pikipiki upo, hasa ukisimama ukingoni mwa barabara ukiwa umeinamia kioo. Sogea ukutani, geuza mgongo ukutani, tazama njia, rudisha simu mfukoni, ndipo utembee.

Magari yanapita kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi awe macho siku mbili za kwanza. Vivukoni barabara imeandikwa LOOK RIGHT, maana yake tazama kulia.

Mabasi mekundu

Wageni wengi hung'ang'ania treni na kulikosa basi, ilhali basi ni pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ugusishe mara ya kwanza unapanda mabasi mengine bila kulipa. Kinachohesabiwa ni muda wa kugusisha, si wa kushuka: dakika ya 58 ukigusisha basi la tatu, safari hiyo ni bure hata ikichukua dakika arobaini. Kikomo cha mabasi pekee kwa siku ni pauni 5.25.

Namna ya kupanda:

Tafuta kwanza herufi ya kituo. Juu ya nguzo ya kila kituo cha mjini kuna herufi, tuseme H au T. Sehemu kama Trafalgar Square ina vituo vingi vilivyotawanyika kwenye mitaa tofauti, na basi namba 15 halisimami kila kimoja. Programu ya TfL Go au Citymapper itakuambia herufi; ifuate hiyo kuliko kitone kwenye ramani. Basi likikaribia, nyoosha mkono. Ingia mlango wa mbele, gusisha kwenye kisoma kadi cha njano, panda juu ukakae mbele kama kuna nafasi. Kushuka, bonyeza kitufe chekundu mapema. Hakuna kupiga kelele za "shusha!" wala kugonga bodi, kengele ikilia na taa ikiwaka, dereva ameshajua. Toka mlango wa kati.

Namba tatu za kuanzia: 15 kutoka Trafalgar Square kupitia kanisa la St Paul's hadi Tower of London, 9 kupitia Hyde Park Corner na Royal Albert Hall, na 24 kutoka Westminster hadi Camden. Hayo ni mabasi ya kawaida ya abiria. Yale ya kitalii yanapita sehemu nyingi zilezile kwa bei ya mara nyingi zaidi.

Ubaya wa basi ni foleni. Kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, Oxford Street kwa miguu inaweza kulishinda basi. Wakati mwingine pia spika itatangaza kwamba basi linaishia njiani. Shuka, subiri linalofuata la namba hiyo, gusisha. Ukiwa bado ndani ya ile saa moja hutozwi.

Chini ya ardhi

Mtandao huu una laini 11 na vituo 272, na kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1863. Umri huo unaeleza mengi: korido nyembamba, joto, na ngazi. Laini za kina kirefu kama Central, Northern na Bakerloo hazina kiyoyozi. Kiangazi beba maji. Ni karibu theluthi tu ya vituo vinavyopitika bila ngazi kutoka barabarani. Mwenye kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto au magoti mabovu atafute alama ya kiti cha magurudumu kwenye ramani: ya bluu maana yake hakuna ngazi hadi ndani ya treni, nyeupe ni hadi jukwaani tu. Mabasi yote yana sakafu ya chini na ubao wa kupandishia kiti.

Ukishapita geti, fuata rangi na jina la laini, kisha upande: Northbound ni kaskazini, Southbound kusini, Eastbound mashariki, Westbound magharibi. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka, na hawachelewi kukuambia. Mlango wa treni ukifunguka, kaa pembeni wanaoshuka wamalize.

Masikio nayo yatakupa taabu. Sisi tumezoea kusoma kila herufi, Waingereza hawasomi. Leicester Square hutamkwa "Lesta", Southwark ni "Sadhak", Greenwich ni "Grenich", Holborn ni "Hoben". Ukimuuliza mtu "Le-i-ke-sta" atakutazama tu. Na saa kwenye mbao ni za mtindo wa 24: 19:30 ni saa moja na nusu usiku.

Chukua safari moja kama mfano: Camden Town hadi Greenwich.

Unagusisha Camden Town. Laini ya Northern hugawanyika hapo kuelekea kusini: nyingine hupita Bank, nyingine Charing Cross. Usipande treni ya kwanza kwa sababu imefika. Soma kibao cha jukwaani kinachosema "via Bank". Unashuka Bank na kufuata alama za DLR, reli nyepesi ya mashariki mwa London, kushuka zaidi, bila kutoka getini. Unapanda DLR inayoelekea Lewisham. Treni hii haina chumba cha dereva, kwa hiyo kila mgeni hukimbilia kiti cha mbele kabisa aone reli. Ni raha kweli, ila unashuka Cutty Sark, na jukwaa la Cutty Sark ni fupi kuliko treni. Milango ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa haifunguki. Ukifika kituo cha Island Gardens, kabla ya treni kupita chini ya mto, kaa tayari, au keti katikati tangu mwanzo. Ukipitiliza usihangaike, shuka Greenwich, kituo kinachofuata, na urudi kwa miguu kama dakika kumi. Njia nyingine, nasi twaipenda zaidi, ni kushuka Island Gardens makusudi na kuvuka Thames kwa miguu kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 1902, urefu wake mita 370.

Popote utakaposhukia, tafuta kisoma kadi ugusishe. Vituo vingi vya DLR havina mageti ya kukuzuia, na hapo ndipo wageni wengi husahau. Ukisahau, usikimbilie kurudi kugusisha baada ya saa mbili. Fungua akaunti ya TfL mtandaoni au waone wafanyakazi wa kituo, uombe kurekebishiwa safari.

Tahadhari ya majina: Edgware Road ni vituo viwili tofauti vyenye jina moja, na Hammersmith vivyo hivyo, vikitenganishwa na barabara. Nazo treni za laini ya Elizabeth zina urefu wa zaidi ya mita 200, hivi kwamba kituo kimoja kina milango inayotokea mitaa tofauti. Liverpool Street ukifuata mkono usio wako utaibukia Moorgate. Soma jina la mtaa kwenye alama ya kutokea kabla ya kupanda ngazi.

Wikendi, usiku na sikukuu

Matengenezo ya reli hufanywa zaidi Jumamosi na Jumapili. Angalia hali ya laini asubuhi kabla ya kutoka: "Good service" ni salama, "Severe delays" ni bora uchukue basi, "Part closure" ni kipande kimefungwa.

Treni huanza kama saa 11 alfajiri na kuisha karibu saa sita usiku, Jumapili mapema zaidi. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi laini za Victoria, Jubilee, na sehemu za Central, Northern na Piccadilly hukesha. Siku nyingine tumia mabasi yenye N mbele ya namba. Tarehe 25 Desemba hakuna treni wala basi. Panga hoteli karibu na unakokwenda.

Teksi nyeusi unaweza kuisimamisha njiani ikiwa taa ya TAXI inawaka, na zote zinapokea kadi. Uber na Bolt zipo. Mtu akikufuata nje ya klabu au uwanja wa ndege akisema ana gari, mkatalie, kwani gari lisiloitwa kwa programu au ofisi haliruhusiwi kubeba abiria wa njiani, na halina bima ya kukubeba. Ukiona jambo la kutisha ndani ya treni, tuma ujumbe mfupi kwa polisi wa reli, namba 61016. Dharura kubwa ni 999.

Boti za mtoni hupokea kadi hiyohiyo, lakini haziingii kwenye kikomo cha siku. Nauli yake ni juu ya zile pauni 8.90.

Siku ya kurudi

Hapa ndipo upande wa treni unapokuwa na maana. Treni za Piccadilly zinazokwenda Heathrow ni za aina mbili: nyingine huzungukia Terminal 4, nyingine huenda Terminal 2 na 3 kisha 5. Kwa ndege ya Terminal 4, soma kibao jukwaani na maandishi mbele ya treni, yaseme Terminal 4. Ukigundua umepanda isiyo yako, shuka Hatton Cross, bado uko nje ya uwanja, subiri jukwaani palepale ile ya Terminal 4. Ukishapitiliza hadi Terminal 2 na 3, toka ufuate alama za kwenda Terminal 4. Kuhama kutoka terminal moja hadi nyingine kwa treni humo uwanjani ni bure, ila kunakula muda. Safari kati ya Heathrow na kanda ya 1 kwa Piccadilly ina bei moja saa zote, kwa hiyo hupati nafuu yoyote kwa kusubiri foleni ya asubuhi ipungue. Ondoka mapema.